Aliulizwa Fungu, Akajibu Upepo

Melini, 2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na sikio lako la kushoto halijamfuata mwenzake wa kulia kwa uziwi. Mimi sijambo. Mwambie Mama nakula vizuri, kitanda changu ni chembamba lakini silali na mtu, na koti la sare alilolipunguza mabega bado linanikaa sawasawa.

Nina habari. Tangu wiki iliyopita mimi ni afisa wa tatu. Nakaa chumba cha usukani zamu ya asubuhi, na ramani za hali ya hewa sasa ni kazi yangu.

Uliniuliza meli ya kitalii hufanya nini dhoruba ikija, kwa kuwa haina pa kujificha. Hatujifichi, tunakimbia. Kila asubuhi nachora duara kuizunguka dhoruba, kisha naongeza duara kubwa zaidi kwa kila siku inayofuata, kwa sababu hakuna anayejua itaelekea wapi. Meli haiingii ndani ya maduara hayo. Bandari ikimezwa na duara, tunaiacha na kutafuta nyingine. Ratiba ile iliyochapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, msimu huu kwetu ni ombi tu. Juzi abiria mmoja, mama mwenye kofia pana, alinishika mkono kwenye ngazi. "Binti, mimi nimelipia kisiwa." Nikamwambia kisiwa kipo, ila njiani kuna kimbunga. Akasema, "Basi kiambieni kitupishe."

Nahodha wetu ana desturi yake. Kabla ya kubadilisha njia hutukusanya, na wa kwanza kuulizwa ni aliye mdogo kuliko wote. "Wakubwa wakianza kusema," husema, "wadogo hugeuka kasuku." Mdogo sasa ni mimi.

Tarehe 12 Septemba tutafika nyumbani, na tutakaa gatini kutwa nzima. Barua zako uendelee kuzituma kwa mawakala wa meli bandarini, kwa ile orodha niliyokupa. Na Mama aongeze mstari wake chini, kama kawaida. Bila mstari wake naona kama nimeandikiwa na ofisi.

Mpwa wako, anayekuheshimu hata akiwa mbali na kalamu yako nyekundu.


Nyumbani, 13 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Mama yako alianza kunisomea kwa sauti, kisha akaniachia nimalizie, akasema macho yamechoka. Makosa niliyoyaona ni machache, nami sitayataja, kwa kuwa umepandishwa cheo.

Hapa sote tuko salama. Paa la upande wa jikoni limezibwa. Mashine ya kushonea ya mama yako inalia tangu asubuhi mpaka jirani amelalamika, naye amejibiwa kama anavyostahili.

Hongera. Nahodha wenu ana akili. Kwa hiyo nakuonya jambo moja: ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Nimefanya kazi na marubani wenzangu wa bandari ambao ukiwauliza kina cha maji wanakujibu habari za boti. Mtu wa namna hiyo hasemi uongo, lakini meli inapasuka vilevile.

Unalikumbuka fungu letu la mchanga pale mlangoni mwa bandari. Nilikuonyesha wakati huna hata meno ya mbele. Upepo unaweza kulala kabisa na fungu likawa linachemka, kwa sababu mawimbi marefu ya dhoruba ya mbali hufika baada ya dhoruba yenyewe kwenda zake. Wageni hutazama bendera. Sisi hutazama fungu. Siku ya tarehe 12 mimi ndiye nitakayepanda melini kuwaingiza. Usinisalimie mbele ya nahodha kama mtoto. Nitakuita Afisa.

Mjomba wako.

Mwanangu, nakushonea gauni la bluu. Nina vipimo vyako vya zamani. Niambie ukweli, umenenepa? Mama.


Melini, 29 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilinisubiri kwenye bandari ambayo hatukufika, ikapelekwa kwenye nyingine ambayo nayo tuliiruka, na nimeipata leo ikiwa na mihuri mingi kuliko maneno. Wakala aliponipa alisema, "Hii imetembea kuliko abiria wenu."

Habari za huku ni hizi. Dhoruba mbili zilizaliwa karibu pamoja. Ya kwanza ilifunga bandari mbili za upande wa mashariki. Nahodha alituita, akaniuliza mimi kwanza. Nikasema tupite nyuma yake, tusijaribu kuipita mbele, hata kama tutakaa baharini siku kadhaa bila kugusa nchi kavu. Akawauliza wengine, kisha tukapita nyuma yake.

Basi siku hizo ndipo utaratibu wa meli ulipovurugika. Mboga mbichi zilikuwa zikitungoja kwenye gati tuliloliacha, kwa hiyo wapishi wakawa wanakata karoti zilezile kwa maumbo tofauti. Bwawa la kuogelea lilifungwa kwa sababu maji yalikuwa yakiruka nje. Mpiga kinanda aliishiwa nyimbo. Yule mama mwenye kofia alikuja kuniuliza kama nimeshaongea na kimbunga.

Tarehe 12 ya nyumbani haijaguswa. Naitazama kila asubuhi kabla hata sijanywa chai.

Mwambie Mama sijanenepa. Nimekomaa.

Wako katika utii, na katika karoti.


Nyumbani, 4 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko salama. Mvua zimeanza mapema. Nyumba ina utulivu siku hizi, hata jirani ameuliza kulikoni.

Gauni limekwisha. Limening'inizwa karibu na mashine.

Nakuuliza jambo moja nami nataka jibu la moja kwa moja. Meli itafika tarehe 12, au haitafika? Usiniandikie "huenda". Usiniandikie "tukijaliwa". Nina sababu ya kuuliza, nayo ni ya kikazi.

Mama yako anakusalimu.

Mjomba wako.


Melini, 10 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mvua hazijafungua tena lile paa la jikoni.

Ulitaka ndiyo au hapana. Ni hapana. Dhoruba ya pili, ambayo sote tuliidhania imekufa, imepata nguvu upya na duara lake la tarehe 12 linaimeza bandari yetu yote. Nimelichora kwa mkono wangu mwenyewe. Nililifuta, nikalichora tena, likatoka vilevile.

Lakini ofisi ya kampuni imekubali tubadilishe tarehe yetu na ya kisiwa kimoja, na sasa tutafika nyumbani tarehe 20, kwa nusu siku. Nahodha mwenyewe ndiye aliyewashawishi. Sijui kwa nini, kwa kuwa sikumwomba.

Sasa na mimi nakuuliza. Mstari wa Mama uko wapi? Umeandika "Mama yako anakusalimu." Tangu nianze kazi ya meli hajawahi kunisalimu kwa mkono wa mtu. Hata mwaka ule aliochomwa na pasi alishika kalamu kwa mkono wa kushoto akaandika kitu kama nyayo za kuku. Na kama nyumba ina utulivu, basi mashine hailii. Gauni kumalizika si sababu. Mama akimaliza gauni huanza pazia.

Na sababu yako ya kikazi siijui, lakini mimi nipo kwenye kazi hiyohiyo, na rubani hahitaji kujua wiki nzima kabla.

Nijibu, Mjomba.

Mpwa wako.


Nyumbani, 15 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Kuhusu mama yako: mkono unamwuma. Atakuandikia mkono utakapopona.

Najua kuliko wewe kwamba hali ya hewa haipokei amri. Nimekuwa nikiitazama tangu kabla hujazaliwa. Hata hivyo nakwambia: tarehe 20 isibadilike. Kama kuna njia mbili, moja ndefu na moja ya kupita hapa, na zote ni salama, shauri ile ya kupita hapa. Sikuombi zaidi ya hilo.

Nimeandika kwa haraka kwa sababu mfuko wa barua unaondoka na boti ya mchana.

Mjomba wako.


Melini, 22 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Sitaandika mengi ya salamu leo, unisamehe.

Nataka nikuandikie mambo ya juzi kama yalivyoonekana kutoka upande wetu, kwa kuwa wewe uliyaona kutoka upande wa pili.

Tulifika mbele ya mlango asubuhi, jua likiwa kali. Dhoruba ilikuwa imepita kusini na kwenda zake. Abiria walikuwa wamejazana kwenye ubavu wa meli na kamera zao. Kwa darubini niliona gati, niliona paa la ofisi ya marubani, na nadhani niliona benchi la nje na mtu ameketi, lakini kwa umbali ule mtu huona anachotaka. Meli ilikuwa ikiinuka na kushuka polepole sana, kama kifua cha mtu aliyelala. Unajua maana yake. Mimi pia najua, wewe ndiye uliyenifundisha.

Nahodha akachukua kipaza sauti cha redio. Akasema, "Bandari, fungu likoje?"

Ilikuwa sauti yako. Sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana. Ukasema, "Upepo umelala. Anga ni safi. Rubani yuko tayari."

Nahodha akarudia, "Nimeuliza fungu."

Ukasema, "Bendera haitikisiki kabisa. Karibuni."

Akaweka kipaza sauti chini. Sote tulikuwa pale, afisa mkuu, afisa wa pili, mshika usukani. Akanigeukia mimi. "Wewe kwanza."

Sitakuambia nilijibu nini. Nilijibu, akaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Alinitazama kwa muda, kwa sababu anajua mji ule ni kwetu. Hajui sauti ile ni ya nani, nami sikumwambia. Kisha akawauliza wengine kwa zamu, na mwishowe akanipa kipaza sauti mimi. Ndiye mimi niliyesema, "Bandari, asante, hatuingii." Nawe ukajibu neno moja, "Nimesikia."

Abiria walizomea tulipogeuza. Yule mama mwenye kofia alishuka kwenye safari iliyopita, lakini wapo wengi wa aina yake. Nilimaliza zamu yangu, nikaenda chumbani, nikakaa sakafuni.

Mjomba, mtu aliyenichapa kiganja kwa sababu aliniuliza saa nikamjibu kwamba nimeshakula, mtu huyo aliulizwa fungu akajibu upepo. Mara mbili. Sijakasirika. Naogopa. Hakuna kitu hapa duniani kinachoweza kukufanya ujibu hivyo, isipokuwa kimoja.

Kwa hiyo nakuuliza, na ujibu ulichoulizwa. Mama yuko vipi?


Nyumbani, 30 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeuliza mama yako yuko vipi. Nalijibu hilo kabla ya jingine lolote.

Ni mgonjwa. Ana uvimbe shingoni, kwa ndani. Ulianza kama mkwaruzo wa kawaida, akanywa chai ya moto akadharau. Mwezi wa saba daktari aliuona. Unatakiwa kukatwa katika hospitali kubwa, safari ya kutwa nzima kutoka hapa. Daktari alisema wazi: ukikatwa mapema atapona, ila sauti huenda isirudi. Ukiachwa, utaziba njia ya hewa.

Mama yako alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Basi mwanangu anisikie kwanza." Hakutaka uambiwe. Alisema ukijua utaruka baharini. Alitaka ufike kama kawaida, mkae jikoni, aongee nawe kutwa nzima kwa sauti yake mwenyewe, akuulize kuhusu kunenepa na mambo yenu mengine, kisha kesho yake aende hospitali. Nilikubali. Tarehe 12 haikuwa mbali. Kisha ikawa 20. Sauti yake tangu mwezi wa nane ilikuwa imeshaanza kukatika katikati ya maneno, ndiyo maana aliniachia barua yako nimalizie. Na mstari wake, baada ya ule wa gauni, hakuuandika kwa sababu alisema hawezi kukuandikia akakuficha, afadhali anyamaze. Mimi ndiye niliyesema mkono.

Juzi unayoieleza, yule uliyemwona kwenye benchi ni yeye. Alivaa kama anakwenda kwenye harusi. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, kwa hiyo alisikia redio yote. Ulipozungumza wewe, aliinua mkono ili ninyamaze, ingawa nilikuwa sisemi. Baada ya hapo alisema, "Sauti yake imekomaa." Tukarudi nyumbani kwa miguu, polepole.

Sasa kuhusu fungu. Lilikuwa likichemka. Boti yangu ya rubani isingeweza hata kutoka mlangoni kuja kwenu, nami nilijua hilo wakati nasema rubani yuko tayari. Nilidhani labda mngesogea, labda mngengoja nje mpaka jioni, labda bahari ingeshuka. Nilikuwa na "labda" nyingi. Watu zaidi ya elfu mbili walikuwa ndani ya meli hiyo, na mmoja wao wewe. Siku iliyofuata nilimwomba mkuu wa bandari anipe kazi ya ofisini. Aliniuliza sababu, nikamwambia sikio. Redio sasa ameishika kijana mwingine.

Ulisema hutaniambia ulijibu nini. Hakuna haja. Uliniandikia mwezi wa nane kwamba nahodha wenu humwuliza mdogo kwanza, na meli niliiona ikigeuka.

Linalobaki ni hili, nalo ni zito. Hospitali imetupa kitanda tarehe 13 Oktoba. Tukikikosa, kingine ni mwezi wa kwanza, na daktari anasema mwezi wa kwanza ni mbali mno. Mama yako anajua kwamba meli yenu itapita hapa tarehe 18, naye amesema atangoja tarehe 18. Nimembembeleza. Nimemgombeza. Nimemletea daktari mpaka sebuleni. Anafumba macho. Tangu siku ile ya redio hanisikilizi tena, na siwezi kumlaumu.

Mwandikie wewe.

Mjomba wako.


Melini, 7 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Niliisoma nikiwa nimesimama.

Niliomba kushuka. Nahodha alinisikiliza vizuri. Hakuna afisa wa kushika nafasi yangu kabla ya mwezi wa kumi na mbili, na bandari tunazogusa wiki hii hazina njia ya kunifikisha huko haraka kuliko meli yenyewe. Tarehe 18 nitakuwa hapo. Kabla ya hapo siwezi.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine. Ni ya Mama. Nitampa rubani wa bandari hii, ambaye atampa nahodha wa meli ya mizigo inayokuja kwenu kesho, kwa hiyo itafika kabla ya siku ya kitanda. Mpe mkononi. Kama ataomba umsomee, msomee. Usisahihishe neno hata moja.

Nakuambia wewe peke yako: ramani yangu ya leo ni nyeupe. Hakuna dhoruba hata moja, kubwa wala ndogo. Ratiba haijabadilika. Wewe ulijibu upepo. Mimi nimetengeneza kimbunga kizima.

Kwa hiyo tusilaumiane tena juu ya lile jambo la mlangoni.

Mpwa wako.


Mama yangu,

Shikamoo. Mjomba ameniambia yote, usimkasirikie, nilimbana.

Nina habari mbaya. Kuna kimbunga kikubwa njiani, na kampuni imeiondoa bandari yetu kwenye ratiba. Hatutakuja tarehe 18. Hatutakuja mpaka msimu wa dhoruba uishe, na hakuna anayejua utaisha lini. Usiningoje, Mama. Hakuna cha kungoja. Nenda hospitali tarehe 13 kama daktari alivyosema. Sauti yako ninayo. Ukiniita tu kwa jina nikiwa mtoto, nilijua umekasirika kiasi gani kabla hujamaliza. Hiyo hainitoki.

Mtoto wako.


Nyumbani, 18 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Naandika barua hii mezani kwenu jikoni, na nitaiacha hapahapa.

Tumefika. Bahari ilikuwa kama sinia. Kijana wa redio aliulizwa fungu akajibu fungu, kina na mawimbi na kila kitu, na rubani mgeni akatuingiza vizuri. Niliposhuka gatini nilitembea haraka, halafu nikaanza kutembea polepole, kwa kuwa kadiri nilivyosogea ndivyo nilivyoogopa kuukuta mlango wazi na Mama akiningoja.

Umefungwa. Jirani ndiye aliyenipa ufunguo. Alisema mliondoka na mkoba mmoja, na kwamba Mama alikuwa hasemi. Nikamwuliza ni hasemi kwa kukasirika au hasemi kwa kushindwa. Akasema, "Mwanangu, mimi nilizoea kumsikia kupitia ukutani. Kimya chake sikijui."

Mashine imefunikwa kwa shuka jeupe. Gauni liko pale uliposema. Sijalivaa. Nililigusa tu. Nimefagia, nimefungua madirisha, nimeyafunga tena. Nimeona kikombe chake kimeoshwa na kupinduliwa, na hilo limenipa matumaini, kwa sababu mtu asiyetarajia kurudi hapindui kikombe. Au labda anapindua. Sijui.

Leo ni siku ya tano tangu kitanda. Hakuna aliyeniachia neno, na wakala hana barua yangu. Honi ya kwanza imelia. Naandika huku nimesimama.

Mjomba, kama nimemdanganya Mama kisha akaenda akaingia chini ya kisu akiamini kwamba sitakuja, na kama hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, sitaki kuambiwa kidogo kidogo. Niambie kwa sentensi moja.

Honi ya pili.


Hospitalini, 23 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako yuko hai, uvimbe umetoka, na daktari anasema haukuwa umefika pabaya.

Hiyo ndiyo sentensi yako. Sasa naweza kuandika kwa utaratibu.

Barua yako ya mezani nililetewa na jirani, ambaye alipanda basi kutwa nzima kwa sababu, kama alivyosema, nyumba imekuwa kimya mno kwake. Nimechelewa kukuandikia kwa kuwa siku za kwanza hazikuwa na kitu cha kuandika. Alikuwa na mrija shingoni na homa, nami sikutaka kukutumia "huenda".

Homa ilishuka juzi. Sauti haijarudi. Anapojaribu, unatoka upepo mtupu, na daktari ametuambia tusimlazimishe. Huenda ikarudi kidogo, huenda isirudi. Naandika neno hilo kwa sababu hapa ndipo mahali pake. Amepewa kibao na chaki, naye anawaendesha wauguzi kana kwamba ni mafundi wake. Jana alimwandikia mmoja wao kwamba pindo la sare yake limeshonwa na mtu mwenye hasira.

Kuhusu ile bahasha ya ndani, nilimpa mkononi kama ulivyoagiza. Alisoma mwenyewe. Alisoma mara moja, akaikunja, akakaa. Kisha akainuka, akaosha kikombe, akachukua mkoba. Sikumwuliza kitu, wala yeye hakuniuliza kitu. Njia nzima kwenye basi nilikuwa na uzito, kwa kuwa nilijua ninachokijua, nami niliona haya kumtazama. Niliubeba hivyo mpaka leo asubuhi, alipoomba karatasi hii akasema, yaani akaandika kibaoni, kwamba sehemu ya chini ni yake na nisiisome.

Nimeisoma. Sina la kusahihisha.

Mjomba wako.

Mwanangu, ratiba ya meli yako hubandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya wakala. Naipitia kila nikienda kununua uzi, tangu siku uliyopanda meli. Asubuhi ile ile ya barua yako nilikuwa nimeisoma, na tarehe 18 ilikuwa pale pale, bila hata mkwaruzo. Tangu uzaliwe hujawahi kunidanganya, hata kwa sukari. Nilipoona umenidanganya, nikajua mambo yamefika mbali kuliko anavyosema daktari. Ndipo nikafungasha. Usilie kwa hilo. Siku ile ya redio nilisikia sauti yako, inatosha kwa sasa. Gauni usilivae mpaka nikuone nalo. Haya, umeshanidanganya mara moja, imetosha. Sasa niambie la kweli: umenenepa?